Bibi Kitalu na Miche ya Chanjani

Kwenye msiba walisema alikuwa mpole. Alisimama mwenyekiti wa jumuiya, akasema marehemu alikuwa mama mpole, mcheshi, asiye na makuu. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na wanawake wenzangu, mtoto wangu wa pili ananyonya, nikajiuliza kama nimekosea msiba. Mpole nani? Yule bibi kwa miaka mitatu niliyofanya kazi kwake alinifukuza mara saba, na mara zote saba alituma mtu kesho yake kuniuliza kwa nini nimechelewa.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Sijui, na yeye hakupenda kuulizwa. Pale Sanje kila mtu alimwita Bibi Kitalu, kwa sababu ya kitalu chake kilichokuwa kati ya barabara kuu na mfereji unaoleta maji ya mlimani. Miche ya kokoa, michungwa, miembe, parachichi, na mitiki kidogo. Hapakuwa na kibao. Watu wa Ifakara wakifika walimwulizia "yule bibi mkali", na walielekezwa mara moja.

Alikuwa mrefu, mkavu, kichwa amekifunga kitambaa cheupe ambacho sijui alikifua saa ngapi maana sikuwahi kukiona kichafu, na viganja vyeusi kwa udongo hadi kwenye mistari. Hakuwa mtu wa habari za watu. Ukimletea umbea alikuacha umalize, kisha anauliza, "Na maji umeshapeleka?"

Ukimsifia majani ya miche yake anakukatisha. "Majani ni nguo tu. Vua tuone." Neno hilo alimwambia hata katekista, na katekista alicheka mpaka akaomba kiti.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwenye kitalu kingine bonde hili lote. Mteja akija kuchukua miche, kabla hajapakia hata mmoja, Bibi anamwambia achague mche wowote katika ule mstari. Anauchukua, anapasua kiriba chake kwa wembe, yaani ule mfuko mweusi wa plastiki unaooteshewa miche, anausuuza kwenye beseni mpaka udongo wote utoke, halafu anauinua mizizi ikining'inia mbele ya uso wa mteja. Sisi tuliita kuchinja. Mche uliochinjwa unaishia shimo la mboji. Mizizi ikiwa imenyooka na kutawanyika, unachukua mstari wako uende. Ikiwa imejizungusha, mstari mzima unamwagwa, na wewe unarudi kwenu mikono mitupu.

Siku moja alikuja baba mmoja kutoka Ifakara na guta lake la mizigo la matairi matatu, anataka miche ya parachichi. Bibi akachinja. Mzizi mkuu ulikuwa umefika chini ya kiriba, umekosa njia, umepinda, umezunguka na kuzunguka. Bibi akaanza kubeba viriba kuvipeleka shimoni.

"Bibi, unaniulia miche yangu!"

"Bado ni yangu. Ingekuwa yako ungekuwa umeipakia."

"Lakini juu imependeza!"

"Kwani wewe unapanda juu?"

"Bibi, mimi nimetoka Ifakara na guta!"

"Basi beba ndizi. Sanje kuna ndizi."

Na kweli aliondoka na ndizi. Alirudi baada ya miezi minne, akachagua mche wa kuchinjwa mwenyewe, akasimama pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Lakini msidhani alikuwa hivyo kwa kila mtu. Hapo ndipo watu hawakumjua. Ukimkatalia somo lake, hakubishana na wewe. Alikuja mwalimu mmoja, shati limenyooshwa, akamwambia, "Bibi, mimi sikuja darasani. Nataka miche mia ya kokoa, niondoke." Bibi akamwangalia. Hakuchukua wembe. Alimpeleka kwenye mistari ya nyuma kabisa, miche iliyokaa chini ardhini tangu mwaka uliopita, akamsaidia hadi kupakia. Nilipomwuliza alisema, "Asiyetaka kuona, mimi nimfumbue kwa kijiti?" Nikacheka. Nilicheka sana siku ile. Nilikuwa mjinga.

Elimu yake yote aliipata kwenye kitalu cha kampuni moja ya mitiki alikofanya kibarua ujanani. Huko miche haikai chini. Inakaa kwenye trei zenye matundu, juu ya meza za wavu, kiunoni mwa mtu, hewa inapita chini yake. Alipoacha kazi alirudi na trei tatu. Sisemi aliiba. Yeye mwenyewe alisema zilimfuata. Na alikuwa mtu wa misa, hakosi Jumapili, anakaa benchi la mbele, anawakodolea macho wanaochelewa.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, Baiolojia nilipata D, na sikumbuki hili lilifundishwa. Nilifundishwa na yeye, amechuchumaa, kijiti mkononi. Mzizi ukikua unafuata unyevu na giza. Ukifika kwenye ukuta wa kiriba, unageuka, unaufuata ukuta, unazunguka, na ukishazoea kuzunguka hata ukiupanda shambani utaendelea kuzunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba. Lakini ukifika kwenye tundu ukakutana na hewa kavu, ncha yake inakauka. Inakufa ile ncha tu. Nyuma yake inachipua mizizi midogo mingi, nayo inatafuta njia, nayo ikifika kwenye hewa inakoma, mpaka ndani panajaa mizizi iliyotulia inayosubiri udongo. "Hapo ukiupanda," alisema, "unatoka mbio kila upande."

Trei tatu hazitoshi kitalu kizima, kwa hiyo alihangaika na vyombo. Alikuwa anapasua tunda moja la kokoa, mbegu zake anazigawa siku hiyohiyo kwenye vyombo vya kila aina, anavipanga kwenye chanja ya miti na wavu wa kuku, na baada ya miezi minne anavichinja vyote kwa pamoja. Siku hiyo aliita siku ya kusikiliza kesi. Alikaa kwenye ndoo, mimi nasuuza, yeye anahukumu.

Chupa ya maji iliyokatwa matako na kutobolewa kwa msumari wa moto ilikuwa inampa mzizi mkuu ulionyooka kama kamba ya timazi, lakini mwanga unapita, ndani panaota ukoga wa kijani, na mizizi ya pembeni inakuwa michache. Akaanza kuzipaka tope kwa nje. Mvua ikaosha tope. Akaziacha. Ndoo ya rangi aliipenda kwa michungwa, ila alisumbuka na matundu: tundu la msumari ni dogo, mzizi unalipita bila kuliona, tundu la kidole ni kubwa, udongo unamwagika kila ukimwagilia. Alitulia kwenye tundu la ukubwa wa kalamu, tena mengi. Kiroba cha mchele alikikata na kukishona vifuko vidogo, na hicho kilimshangaza hata yeye, maana hewa inapita ubavuni kote, na tulipokisuuza mizizi ilikuwa imejaa kama ndevu. Tatizo la kiroba ni jua. Likikichoma miezi mitano kinachanika nyuzi nyuzi mkononi.

Mshindi alikuwa kitenga cha mwanzi. Vitenga vidogo, vya kusuka kwa nafasi, kimo chake kutoka ncha ya kidole hadi kifundo cha mkono. Unakipanda hichohicho, kinaozea shambani, mizizi haiguswi. Lakini kusuka vitenga mia ni kazi ya wiki, na mchwa wakikigundua kabla yako umekwisha. Hivyo kwa kazi za kila siku alibaki na kiriba kilekile cha wote, tofauti ni kwamba alikikata chini kabisa, kikawa mrija, akakisimamisha juu ya wavu. "Si kizuri," alisema. "Ila kisikae chini. Kikikaa chini ni kiriba tu."

Sasa nieleze ubaya wa hivi vyombo vyote, maana yeye hakuwaambia wateja na mimi ndiye nilikuwa naubeba kichwani. Vinakauka. Hewa inayokausha ncha ya mzizi inakausha na udongo. Mche wa chini unaweza kukaa siku tatu bila maji, mizizi inatoboa inajinywea ardhini. Mche wa chanjani unataka maji asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, na kiangazi hata mchana. Mfereji uko hatua sitini kutoka kwenye chanja, nilizihesabu. Neema, mwanangu wa kwanza, alikuwa na miezi minne. Baba yake alikwenda Mlimba kutafuta kazi, na mpaka leo bado anaitafuta.

Bibi hakuwahi kumbeba Neema. Alisema watoto wanampotezea hesabu za mistari. Ila alitenga ule upande wa chanja uliokuwa na kivuli kizito, akaniambia nitandike kiroba pale chini mtoto alale, na kuanzia hapo upande ule aliumwagilia mwenyewe, kwa kikombe, taratibu, tone lisimdondokee mtoto. Nikimshukuru ananiuliza kama nimelipwa kuongea.

Mwaka wangu wa kwanza, kiangazi kikali, dada yake aliugua huko Masagati. Bibi akafunga mzigo. Kabla ya kupanda gari alinishika bega, jambo ambalo hakuwa analifanya.

"Mama Neema. Chanja ile ya kokoa usiiache. Asubuhi na jioni."

"Sawa, Bibi."

"Ukichoka, uniambie nitafute mtu mwingine. Usinyamaze."

"Nimesikia, Bibi. Nenda salama."

Alikaa huko miezi miwili na nusu. Wiki ya kwanza nilimwagilia. Wiki ya pili Neema akashikwa na homa. Wiki ya tatu nilivishusha viriba vyote vya chanja ile, nikavipanga ardhini kando ya mfereji penye unyevu, na nikawa namwagilia mara moja kwa siku tatu. Miche ikanenepa. Majani yakawa makubwa kuliko alivyoyaacha. Nikajiona mwerevu kuliko yeye. Siku niliyosikia anarudi, niliing'oa yote pale chini. Ilishika ardhi kweli, ilibidi kuvuta, nasikia mizizi ikikatika taa, taa, taa. Nikairudisha chanjani, nikaiosha ile plastiki tope lisionekane.

Alirudi, akapita kwenye mistari, akasimama pale. Nikamwambia, "Imekua, eh Bibi?"

"Imekua," akasema.

Akaenda kufungua mzigo wake.

Hapa lazima niseme habari ya shamba. Baba yangu ana kipande chini ya mlima, nusu eka, udongo mweusi. Kaka yangu alikitaka alime mpunga wa mabondeni pamoja na mashamba mengine aliyopewa. Kwetu mtu akilima mpunga au mahindi, shamba linaweza kuwa la yeyote, hata mpangaji analima mahindi. Ukipanda miti ya kudumu, hapo umeweka neno. Baba akasema mbele yetu wote wawili, "Huyu ana mtoto na hana mume. Apande kokoa. Mwaka wa tano nikikuta miti imesimama, namkatia mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nikikuta pori, kaka yako anaingiza jembe."

Kaka alicheka. "Miaka mitano? Huyu hata ugali anaacha unaungua."

Nilimwambia Bibi. Akasema chukua mstari, bure. Nikauliza upi. Akanyoosha kidole kwenye chanja ile ya kokoa, ileile. Nilisubiri achukue wembe. Hakuchukua. Tulibeba miche pamoja hadi kwenye guta, na mimi moyoni nilishukuru kwamba leo amesahau kuchinja.

Nilifanya kazi kwake miaka miwili zaidi baada ya siku ile. Kila siku tunaonana. Tunakula chungu kimoja. Aliniuliza habari za kokoa zangu labda mara mbili, na mara zote mbili aliangalia pembeni.

Mwaka wa nne, kiangazi, miti yangu ilianza kuwa njano. Mwanzo mitatu, kisha mstari mzima. Upepo wa kawaida tu uliopita usiku uliangusha tisa. Niliingia na jembe, nikachimbua mmoja. Nilikaa chini. Mti wa miaka minne, una kimo changu, chini yake palikuwa na fundo la mizizi lenye umbo kamili la kiriba. Duara, na chini kipande cha mzizi mkuu kilichokatika, kikapinda, kikaota pembeni kama kiwiko. Haukuwahi kutoka mle ndani. Kiriba nilikuwa nimekivua miaka minne nyuma, na mti ulikuwa bado umo ndani yake.

Nilikata shina, nikapanda bodaboda na kisiki kile mapajani. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo, miguu imevimba, macho yameshaanza kufanya ukungu. Sikumwamkia. Nilikitupa kisiki miguuni pake.

"Siku hizi hatuamkiani?" akasema.

"Shika hicho."

Akakishika, akakizungusha, vidole vikapita kwenye kila mkunjo. "Huu ulikaa chini," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua siku niliyorudi. Pale kando ya mfereji kulikuwa na vipande vya mizizi vimebaki ardhini, vimejipanga kwa mstari."

"Ukanyamaza!"

"Nilikusubiri useme wewe."

"Bibi, nilikuwa na miaka kumi na tisa! Mtoto ana homa! Unamchinjia mche mtu wa guta usiyemjua kwao, mimi unaniachia nipande mibovu? Miaka minne? Nilikula kwako, nikakufulia, ukaniangalia tu? Kaka yangu anasubiri na jembe!"

Nilipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Yeye hakunyanyua sauti. Nilitaka ainyanyue.

"Nilikasirika," akasema. "Nikasema akipakia atasema. Hukusema. Nikasema nitamwambia Jumatatu. Jumatatu ukaja umeshapanda, unaimba. Halafu ikapita wiki. Halafu mwaka. Mtu mzima anasemaje baada ya mwaka?"

"Anasema!"

"Ndiyo," akasema. "Ilitakiwa niseme."

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Watu wanapenda kuambiwa kwamba palikuwa na machozi. Hapakuwa. Aliniuliza iliyobaki imesimama ni mingapi, nikamwambia. Akasema nisikate hata mmoja. Nipande mipya katikati ya ile ya zamani, chini ya kivuli chake, maana kokoa changa inapenda kivuli, na shamba lisikae siku hata moja bila miti, kaka akapata la kusema. Miche alikuwa nayo, kwenye vitenga vya mwanzi, alivyovisuka mwenyewe kwa macho yale. Alikuwa amewaahidi watu wa parokia. "Watasubiri," akasema. Nilichukua. Sikusema asante, na sijutii.

Nilimwagilia miche ile mwaka mzima, mwishoni nikiwa na mtoto wa pili tumboni.

Mwaka wa tano Baba akaja na mwenyekiti wa kijiji, na kaka na jembe lake begani, amelibeba makusudi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeingia shambani bodaboda ikasimama barabarani, na Bibi Kitalu akashuka, kashikilia fimbo. Sikumwita mimi. Alitembea kwenye tuta kwa kupapasa, akafika, akaamkiwa na wote.

Kaka hakupoteza muda. Alikuwa amesimama kwenye kisiki. "Baba, angalia hii mizee ilivyokufa. Huyu hajui kutunza. Na hii midogo itakufa hivihivi."

Baba akanigeukia. "Ilikufaje hii?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Mimi ndiye nilimpa mibovu," Bibi akasema. "Ilikuwa imeharibika mizizi kitaluni kwangu, nikampa bila kumwonesha. Hakuna utunzaji ungeisaidia. Hii midogo ni mizima, nimeileta mwenyewe kufidia."

Mwenyekiti wa kijiji akamwangalia kwa mshangao. Huyo naye alikuwa mteja wake. "Wewe, Bibi? Wewe na wembe wako?"

"Mimi."

Kaka akalishusha jembe begani. Baba alitembea mstari hadi mstari, anashika shina la kila mche mchanga, anautikisa. Hakuna uliocheza. Akamwambia mwenyekiti andike.

Mimi sikusema kitu. Nilisimama na mimba yangu, nikamwacha bibi mzima wa kitalu abebe jina baya mbele ya watu watatu ambao kesho yake walikuwa wamewaambia Sanje nzima na nusu ya Mang'ula. Wateja walipungua kweli. Nusu ya kosa lile ilikuwa yangu, na ndiyo nusu iliyotangulia. Leo naiandika kwa sababu hayupo wa kunikatisha.

Walipoondoka tulibaki wawili. Nilimshika mkono kumrudisha kwenye bodaboda. Tulipopita kwenye mche wa mwisho akasimama.

"Leo umemwagilia?"

"Nimemwagilia, Bibi."

Aliniangalia na macho yale yenye ukungu. Kisha akainama polepole, mkono mmoja kwenye fimbo, akachomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili.